Vioo Viko Wapi?

Mtu akikaa Likasi hata mwaka mmoja tu hujifunza habari za mawe. Mtoto wa Kikula asiyejua bado kusoma aweza kukuonyesha jiwe lenye shaba na jiwe lisilo na kitu. Nanyi mwajua afanyavyo mchimbaji wa mikono apelekapo mifuko yake kwa mnunuzi. Mnunuzi huchukua ukufi mmoja wa mawe yaliyopondwa, huupima kwa mashine yake, kisha hutamka kiwango: 3 kwa 100, au 6, au 9. Mchimbaji mwenye akili hapigi kelele. Amekwisha kuweka akiba ya unga ule ule ndani ya kifuko, naye ataupeleka kwa mpimaji mwingine. Huyo wa pili akisema 9 pale wa kwanza aliposema 3, basi pana neno la kuzungumza. Lakini yule asiyeweka akiba hubaki na karatasi ya mnunuzi tu, na karatasi haipimiki.

Habari tunayotaka kuwaeleza leo si ya mawe bali ya miili yetu. Tumeanza na mawe kwa sababu aliyetufungua macho katika jambo hili alikuwa mchimbaji, baba wa mwanafunzi wetu mmoja, naye alilielewa upesi kuliko sisi tuliosoma.

Mwezi wa Februari 2022 mwanafunzi huyo, kijana wa miaka 15, alitokewa na uvimbe shingoni upande wa kushoto. Haukumwuma. Usiku alitoka jasho hata kulowesha shuka, na nguo zake za shule zikaanza kumpwaya. Waganga wa hospitali moja, ambayo jina lake halina faida hapa, walimkata tezi moja wakaipeleka ipimwe. Baada ya majuma matatu ikarudi karatasi yenye mistari mitano ya Kifaransa, nasi tukamsomea baba yake: kifua kikuu cha tezi. Wote tulishusha pumzi. Kifua kikuu twakijua, dawa zake hutolewa bure, na anayezimeza bila kukosa kwa miezi sita huwa na matumaini makubwa ya kupona. Kijana alizimeza bila kukosa. Sisi wenyewe tulimwona kila asubuhi akimeza, mbele ya wenzake, bila haya.

Uvimbe ulinywea kidogo, kisha ukarudi. Mwezi wa Agosti ukatokea mwingine kwapani. Mwezi wa Septemba tulifuatana na baba yake, tukampeleka kijana Lubumbashi, mwendo wa kilometa 120 hivi, kwa mganga tuliyeelekezwa na rafiki. Mganga yule alimpapasa shingo na kwapa na tumbo kwa muda mrefu. Akaisoma ile karatasi, akaigeuza nyuma kana kwamba maandishi mengine yamejificha huko, kisha akauliza:

“Baba, vioo viko wapi?”

Baba alitutazama. “Mwalimu, mganga anataka vioo gani? Vya dirisha?”

Nasi, tuliomaliza masomo ya seminari na miaka kumi ya kufundisha, hatukuwa na jibu. Mganga akacheka kidogo, akatueleza. Alipokwisha eleza, baba akasema: “Kumbe ni akiba ya mawe. Mwataka kupima tena unga ule ule.” Ndivyo hasa.

Yafaa basi tujue vioo hivyo ni nini. Mganga akikata kipande cha nyama ya mwili ili kijulikane kina ugonjwa gani, kipande hicho hakiwezi kusomwa vilivyo. Ni kinene, mwanga haupiti, na kikiachwa hivi hivi huanza kuoza saa ile ile. Kwa hiyo mara tu kitokapo mwilini hutiwa ndani ya dawa iitwayo formalini, ambayo huzuia kuoza na kukifanya kigumu kidogo. Dawa iwe nyingi, kama mara kumi ya ukubwa wa kipande chenyewe. Chupa iwe na mdomo mpana, kwa maana kipande kilichoingia laini hutoka kigumu, na wapo waliolazimika kuvunja chupa ili kukitoa. Tumepata kusikia watu wanaotia nyama katika maji matupu kwa kukosa formalini, wakaisafirisha siku mbili njiani. Afikapo huko, msomaji hana cha kusoma.

Baada ya formalini kipande hupitishwa katika pombe kali, tena kali zaidi, mpaka maji yote yatoke ndani yake. Hufuata dawa iitwayo zailini, kisha nta ya parafini iliyoyeyushwa. Maji na nta havichangamani, ndiyo maana ya safari hiyo ndefu. Lazima maji yaondoke ndipo nta ipate nafasi ya kuingia. Nta ikiganda, nyama imekuwa ndani ya kitofali kidogo, mfano wa mdudu ndani ya utomvu wa mti ulioganda. Kitofali hicho hukatwa kwa mashine yenye wembe mkali, vipande vyembamba mno, unene wake kama sehemu 4 za elfu za milimita moja. Unywele wa mtu ni mnene kuliko hapo mara nyingi. Kila kipande huelea juu ya maji ya uvuguvugu kama utando wa maziwa, nacho huchotwa kwa kioo chembamba chenye urefu wa sentimeta 7 na nusu hivi.

Hapo bado hakionekani kitu. Nyama nyembamba namna hiyo haina rangi. Hutiwa basi rangi mbili. Ya kwanza ni hematoksilini, itokayo katika mti wa Campeche huko Meksiko, mti ambao zamani watu waliutumia kutia nguo rangi. Hiyo hupaka kiini cha kila chembe ya mwili rangi ya samawati iliyoiva. Ya pili ni eosini, nayo hupaka sehemu zilizosalia rangi ya waridi. Njia hii yatoka karne ya 19, na mpaka leo, katika hospitali tajiri na hospitali maskini, ndiyo ya kwanza kutumiwa. Mwisho hufunikwa kwa kioo kingine chembamba zaidi, na namba huandikwa pembeni kwa penseli. Wanafunzi wetu hucheka wasikiapo penseli. Lakini wino wa kalamu huyeyuka katika pombe na zailini, na penseli haiyeyuki. Kalamu ya mtoto wa darasa la kwanza ndiyo inayolinda jina la mgonjwa.

Kioo hicho huwekwa chini ya hadubini, na mganga aliyejifunza kazi hiyo, aitwaye mpatholojia, hukisoma kama sisi tusomavyo kitabu. Tuseme neno wazi hapa. Karatasi tuipokeayo si ugonjwa wenyewe. Ni maneno ya mtu mmoja aliyetazama kioo siku moja, labda akiwa amechoka, labda akiwa na vioo vingine mia mezani. Kioo ni kitu, karatasi ni maelezo ya kitu. Mganga wa pili akiulizwa maoni yake hawezi kuyatoa kwa kusoma maelezo ya mwenzake; akifanya hivyo atakuwa amemwiga tu.

Je, wasomaji wawili wenye elimu waweza kuona kioo kimoja wakasema mambo mawili? Waweza, wala si aibu. Ugonjwa wa kijana wetu una historia yake katika jambo hili. Mwaka 1832 mganga Mwingereza Thomas Hodgkin, wa hospitali ya Guy's huko London, aliandika habari za wagonjwa saba waliovimba tezi na wengu. Hakuwatazama kwa hadubini, alitumia macho yake tu. Mwaka 1898 Carl Sternberg wa Vienna alizitazama tezi za namna hiyo kwa hadubini, akaziona chembe kubwa za ajabu, lakini akadhani ni aina ya kifua kikuu. Mwaka 1902 mwanamke mmoja wa Marekani, Dorothy Reed, aliyekuwa na umri wa miaka 28 tu, alionyesha kwamba ni ugonjwa wa peke yake, wala si kifua kikuu. Leo chembe zile zaitwa kwa majina ya wote wawili, aliyekosea na aliyesahihisha. Tena vipande vya nyama vya baadhi ya wagonjwa wa Hodgkin mwenyewe vilihifadhiwa Guy's, hata Herbert Fox wa Philadelphia akavitazama kwa hadubini na kuchapisha habari zake mwaka 1926, miaka 94 baadaye, akaona kwamba baadhi yao walikuwa kweli na ugonjwa ule. Wagonjwa walikwisha kufa zamani, lakini nyama ilikuwa bado ikiulizwa nayo ikijibu.

Hapa kwetu Afrika pia jambo hilo limetokea, tena lilikuwa la faida kubwa. Huko Mulago, Kampala, mpasuaji Denis Burkitt alianza mwaka 1957 kuwaangalia watoto waliovimba taya, akaandika habari zao mwaka 1958. Watoto wengine walivimba tumbo, wengine jicho, na kila uvimbe ulipewa jina lake kwa kufuata mahali ulipotokea. Wapatholojia wa pale, Jack Davies na George O'Conor, walirudi katika daftari la kansa la Kampala na katika vioo vilivyohifadhiwa. Wakaona kwamba karibu nusu ya kansa zote za watoto zilikuwa kansa moja tu, ya jamii ya tezi, iliyojificha chini ya majina mengi. Leo ugonjwa huo una jina la Burkitt na una dawa. Kama vioo vile vingalitupwa baada ya karatasi kuandikwa, nani angaliweza kuhesabu upya?

Basi turudi kwa safari yetu. Mganga wa Lubumbashi alisema angeweza kumkata kijana tezi nyingine, na huenda ingelazimu. Lakini kukata tena ni fedha, ni maumivu, na tezi ya mtu aliyekwisha meza dawa miezi sita haisemi wazi kama ya kwanza. Zaidi ya hayo alitaka kujua: je, kosa lilikuwapo tangu mwanzo, au kijana alikuwa na kifua kikuu kweli, kisha ukaja ugonjwa wa pili juu yake? Vioo vya Februari tu ndivyo vingejibu. Akatuandikia barua ya kuomba: jina la mgonjwa na siku ya kuzaliwa, siku aliyokatwa, mahali pa mwili palipokatwa, namba iliyo juu ya karatasi, jina la mganga anayeomba na mahali vitakapopelekwa. Akaomba vitu vitatu, akavihesabu kwa vidole mbele ya baba: vioo vyote wala si kimoja; kitofali cha nta, au vipande vipya vilivyokatwa kutoka humo bila kutiwa rangi; na nakala kamili ya maelezo ya msomaji wa kwanza.

Kwa desturi ya kazi hii, mwenye maabara hutunza kitofali kwa ajili ya mgonjwa, naye huazima vioo kwa maandishi, akitia sahihi siku ya kutoka na siku ya kurudi. Si tusi kumwomba. Mpatholojia mwema hufurahi kusomewa na mwenzake, naye mwenyewe kioo kikimtatiza hukituma kwa mwingine kabla hajaandika neno. Katika Marekani chama cha wapatholojia huziagiza maabara kutunza vitofali na vioo miaka 10. Kwetu mabati ya paa huvuja, umeme hukatika, wapatholojia wa nchi nzima ni wachache mno kwa wingi wa watu, na mara nyingi mtu mmoja ndiye mkataji, mtia rangi, mwandishi na mlinzi wa kabati.

Tulifika katika maabara ile mwanzoni mwa Oktoba, katika joto lile linalotangulia mvua. Mtumishi wa kwanza alituambia turudi kesho. Kesho yake alituambia mwenye ufunguo amesafiri. Siku ya tatu tulimkuta mzee mmoja, mtu mpole, ambaye alifungua daftari kubwa, akapitisha kidole chini ya mistari ya mwezi wa pili, akaliona jina la kijana. Kisha akanyamaza.

“Mwalimu,” akasema, “vioo vya mwezi huo vilioshwa.”

Hatukuelewa. Akaeleza kwamba kioo hugharimu fedha, na maabara ikikosa vipya, vya zamani huchovywa katika dawa, hukwanguliwa, huoshwa, vikatumika tena kwa wagonjwa wengine. Karatasi imekwisha kutoka, basi kioo cha nini?

Baba alisimama pale, mikono yake yenye vumbi la mawe imeshika ile barua. Akauliza polepole: “Mmemwosha mtoto wangu?”

Twakiri kwamba siku ile hasira yetu ilikuwa kubwa, wala si yote iliyokuwa ya haki. Mzee yule hakuwa ndiye aliyeamuru. Naye ndiye aliyesema, baada ya kimya kirefu: “Ngojeni, nitazame vitofali.” Aliingia chumba cha nyuma akakaa karibu saa nzima. Akatoka na kopo la biskuti lenye kutu. Ndani yake vilijaa vitofali vya nta vya rangi ya maziwa, kila kimoja na namba yake. Alikuwa ameviweka humo kwa hiari yake, kwa sababu, alisema, aliyemfundisha kazi ujanani alimpiga marufuku kutupa nta. Akalinganisha namba ya kitofali na namba ya daftari, kisha namba ya karatasi yetu, mara mbili, akisoma kwa sauti. Tuliona jambo hilo la kulinganisha mara mbili kuwa la kupoteza wakati. Baadaye mganga alituambia ndilo jambo kubwa kuliko yote, maana kitofali cha mtu mwingine kingetupa jibu safi kabisa la ugonjwa usio wetu.

Kitofali kile kilikuwa kidogo kuliko kiberiti. Lakini hesabuni pamoja nasi, ninyi wanafunzi: nyama yenye unene wa milimita 2 tu, ikikatwa kwa unene wa sehemu 4 za elfu za milimita, yatoa vipande 500. Hata vikipotea nusu katika kukata, vyasalia 250. Vioo vimeoshwa, lakini kitabu chaweza kupigwa chapa upya.

Mzee alitufundisha namna ya kukibeba. Kitofali hakipendi joto. Nta ya parafini huyeyuka karibu na nyuzi 60, na ndani ya motokari iliyofungwa juani, nyuma ya kioo cha mbele, joto la Oktoba laweza kuilainisha. Tulikizungusha kitambaa, tukakitia katika kopo la maziwa ya unga, tukaliweka chini ya kiti mahali penye kivuli. Kama vingalikuwa vioo, alisema, tungaliviweka katika kijisanduku chenye mifereji ili visigusane, wala tusingaliviacha juani, kwa kuwa mwanga mkali hufifisha rangi. Akatuonya pia tusitume kamwe kila kitu mara moja: kitofali kikisafiri, kioo kimoja kibaki nyumbani, vioo vikisafiri, kitofali kibaki. Kwetu hapakuwa na kilichobaki. Baba alilishika lile kopo kwa mikono miwili kutoka Likasi hata Lubumbashi, wala hakusinzia.

Wengine hudhani siku hizi yatosha kupiga picha ya kioo kwa simu na kuituma. Twakubali kwamba picha hizo zimesaidia wengi, hasa pasipo na mpatholojia karibu. Lakini picha huonyesha mahali alipoelekeza mpigaji tu, na mara nyingi neno zito liko pembeni, mahali asipotazama.

Lubumbashi walikata vipande vipya, wakavitia rangi. Mpatholojia alituita, jambo ambalo hatukulitazamia, akamwambia baba aweke jicho kwenye hadubini. Baba alisema aliona kitu kama kitenge cha waridi chenye madoa ya zambarau. Yule bwana akatueleza kwamba msomaji wa kwanza hakuwa mpumbavu: kulikuwa kweli na vifungu vya chembe vinavyofanana na vya kifua kikuu, na katika nchi yenye kifua kikuu kingi kama yetu, macho huona kwanza yale yaliyozoea kuona. Lakini rangi ya kutafuta viini vya kifua kikuu haikuonyesha hata kimoja, ingawa hilo peke yake halitoshi kuwa ushahidi. Na kati ya vifungu vile, hapa moja, pale moja, zilikuwapo chembe kubwa zenye viini viwili vinavyokutazama kama macho ya bundi. Hizo ndizo chembe za Reed na Sternberg.

Ili kuhakikisha, vipande kumi visivyotiwa rangi vilipelekwa ng'ambo na mganga aliyekuwa akisafiri, vikajaribiwa kwa rangi za pekee ambazo hushika alama fulani tu juu ya chembe. Jibu lilikuja mwezi wa Desemba: ugonjwa wa Hodgkin. Ni kansa, neno linalotisha, lakini ni mojawapo ya kansa ambazo vijana wengi hupona, wakipata dawa zake kwa wakati.

Akina mama wanaosoma gazeti hili wafahamu kwamba rangi hizo za pekee zawahusu wao hasa. Uvimbe wa ziwa ukionekana kuwa kansa, swali la pili ni hili: je, chembe zake zina vipokezi vya homoni? Zikiwa navyo, vidonge viitwavyo tamoksifeni vyaweza kusaidia sana; zisipokuwa navyo, havifai kitu. Swali hilo haliwezi kujibiwa na karatasi, hujibiwa na kitofali tu, tena kitofali ambacho nyama yake ilikaa katika formalini si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72. Mtu aliyesahaulika katika chupa tangu Ijumaa mpaka Jumatano yuko katika hatari ya kupata jibu la uwongo.

Nta hudumu miaka mingapi? Nchi yetu yenyewe imetoa jibu, na ulimwengu wote umelisikia. Katika Leopoldville, yaani Kinshasa ya leo, wapatholojia walihifadhi vitofali vya wagonjwa wao wa miaka ya 1958 hata 1960. Nchi ikabadilika jina, mji ukabadilika jina, vita vikapita, vitofali vikabaki. Mwaka 2008 Michael Worobey wa Marekani, pamoja na wataalamu wa Kongo, miongoni mwao Jean-Jacques Muyembe na mpatholojia Raphaël Kalengayi, walitangaza habari za vitofali 27 walivyovichunguza. Katika kimoja, tezi ya mwanamke iliyokatwa mwaka 1960, walikuta mabaki ya virusi vya Ukimwi, ugonjwa tuuitao sida, ambao haukuandikwa katika vitabu vya uganga mpaka 1981. Walivilinganisha na virusi vya damu iliyotolewa katika mji huo huo mwaka 1959, wakaona vimekwisha kutofautiana sana, nao wakakadiria kwamba virusi hivyo vilikuwa vikienea kwa watu tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 2020 Sophie Gryseels na wenzake, baada ya kuchunguza vipande zaidi ya 1,600 vya zamani, walitangaza kingine: tezi ya mwanamume wa miaka 38, iliyokatwa Kinshasa mwaka 1966, ambayo humo waliweza kusoma karibu urithi wote wa virusi. Mwanamke yule wa 1960 hakujulikana alikuwa na ugonjwa gani. Mtu fulani, hatumjui, aliandika namba yake akaliweka kopo lake kabatini.

Kijana wetu alianza dawa zake Januari 2023, dawa nne zitiwazo katika mshipa, kila baada ya majuma mawili. Hatutaeleza hapa jinsi fedha zilivyopatikana. Baba aliuza pikipiki, na shule ilichanga, na bado haikutosha, na ndugu wa Kolwezi walimalizia. Alipoteza mwaka mzima wa masomo na nywele zake zote. Kati ya karatasi ya mistari mitano na dawa ya kweli ilipita karibu miezi kumi, na waganga hawakutuficha kwamba miezi hiyo iliuacha ugonjwa utembee kutoka shingoni hata kwapani. Alirudi darasani Septemba 2023, akaketi na wale waliokuwa nyuma yake, nao humwita Mzee. Kila baada ya miezi kadhaa huenda Lubumbashi kupapaswa shingo.

Baba yake amerudi machimboni. Ile barua ya kuomba vioo ameitunza, na nyuma yake, kwa penseli, ameandika namba ya kitofali, jina la maabara kilipo sasa, na jina la yule mzee wa kopo la biskuti.